Hita ya gesi haiwaki: sikiliza kwanza imekwama wapi

Kipupwe kikishaingia, kuanzia Juni hivi mpaka Agosti, lawama huwa ni zile zile kwenye nyumba za wageni za Paje, Jambiani na Nungwi, na kwenye nyumba za watu Mjini, Wete na Chake Chake: mtu amefungua shawa alfajiri, maji yanatoka baridi, na hita ya gesi iliyopo ukutani haiwaki. Wa kwanza kushukiwa ni baridi. Mtungi unaanikwa juani, unamwagiwa maji ya moto, wengine huufunga blanketi kabisa.

Imani hiyo imetoka kwenye nchi za theluji, na huko ina ukweli wake. Gesi ya mtungini ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo imo kama kimiminika. Lazima ichemke iwe mvuke ndipo itoke. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani huchemka kwenye nusu nyuzi tu chini ya sifuri, kwa hiyo kule barafu inapoganda, mtungi wa butani unaweza kuwa umejaa na bado usitoe kitu. Kwetu, hata usiku wa kipupwe kikali joto hubaki kwenye nyuzi 20 na kitu. Butani inachemka vizuri kabisa. Kuupasha mtungi moto hakukupi faida yoyote, na kunapandisha shinikizo ndani ya chombo ambacho hakikutengenezwa kuchezewa hivyo.

Kinachoitesa hita ya Zanzibar ni masika yaliyotangulia. Machi mpaka Mei nyumba nyingi za wageni hufungwa au hubaki na wageni wachache. Hita inakaa bila kuguswa miezi miwili mitatu, kwenye unyevu na hewa ya chumvi, betri zikiwa ndani yake, maji yamesimama kwenye mabomba yake, na nyigu wanatafuta tundu la kujengea. Juni inafika, wageni wanarudi, maji ya tangi yamepoa, na hita inatakiwa iwake siku ile ile.

Mambo yanayopaswa kutokea, kwa mpangilio wake

Hita ya kuwaka yenyewe, aina ile ya boksi la ukutani lenye vitufe viwili vya kuzungusha mbele na betri chini, haina akili nyingi. Ina mnyororo. Ukifungua shawa, maji yanapita kwenye valvu ambayo ndani yake mna kiwambo cha mpira. Mwendo wa maji unaleta tofauti ya shinikizo baina ya upande mmoja wa kiwambo na mwingine, kiwambo kinasukumika, na kijiti kilichoshikamana nacho kinafanya kazi mbili kwa pamoja: kinafungua mlango wa kwanza wa gesi na kinabonyeza swichi ndogo. Swichi inaamsha boksi la umeme. Boksi linatoa cheche kwenye ncha ya kijiti cha chuma kilicho karibu na kichomeo, ile tatatata unayoisikia, na wakati huo huo linafungua valvu ya umeme inayoachia gesi. Gesi inafika kwenye mdomo wa kichomeo, inashika moto. Kijiti cha pili cha chuma, ambacho kazi yake ni kuhisi moto, kinaliambia boksi kwamba moto upo. Kikinyamaza kwa sekunde chache, boksi linafunga gesi.

Kila hatua inangoja iliyotangulia. Ndiyo maana ni kupoteza fedha kununua valvu mpya au kubadilisha boksi la umeme kabla ya kujua mnyororo umekatika kwenye pete ipi, na njia ya kujua haihitaji kifaa. Mtu mmoja afungue shawa, mwingine asimame mbele ya hita na asikilize. Hita inaweza kunyamaza kabisa. Inaweza kutoa cheche bila moto. Inaweza kushika moto kisha ikauzima. Au inaweza kuwaka kwa kishindo. Kila hali ina watuhumiwa wake, na hawaingiliani sana.

Ukijaribu mara tatu na moto haujashika, funga mtungi, acha madirisha wazi na subiri dakika tano. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, propani kwa mara moja na nusu na butani kwa mara mbili, kwa hiyo haipai ikaondoka. Inateremka sakafuni na kujikusanya kwenye kona.

Ikinyamaza kabisa

Hapa gesi haihusiki hata kidogo. Mtungi ungekuwa mtupu, cheche ingelia vile vile. Kimya maana yake ni ama maji hayakusukuma kiwambo, ama umeme wa betri haukufika.

Anza na betri kwa kuwa ndiyo rahisi. Hita nyingi hutumia mbili kubwa, zile za tochi kubwa na redio za zamani, volti 1.5 kila moja, jumla 3. Zikishuka mpaka volti 2.4 hivi kwa pamoja, hita huanza kusuasua: cheche dhaifu, au cheche ipo lakini valvu ya umeme haina nguvu ya kufunguka. Usizipime kwa kuzitia kwenye rimoti. Rimoti inakula umeme kidogo mno na itafanya kazi na betri ambayo hita haiwezi kuitumia. Tia mpya mbili kwa pamoja, usichanganye mpya na nzee, na ukipata za alkali nunua hizo, kwa sababu zile za bei ya chini huvuja zikikaa. Kisha itazame nyumba ya betri yenyewe. Springi ikiwa na ukoko mweupe au wa kijani, betri mpya hazitasaidia kitu. Utoe ukoko huo kwa mswaki uliochovywa kwenye siki, ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo, ukaushe, kisha upitishe msasa laini mpaka chuma king'ae.

Betri zikiwa nzima, twende kwenye maji, na hapa ndipo hita nyingi za Unguja na Pemba zinapokwama. Kwenye kibati cha ubavuni kimeandikwa shinikizo dogo kabisa linalotakiwa ili hita iwake. Mara nyingi ni megapaskali 0.02 hadi 0.03. Kwa lugha ya tangi, kila mita moja ya kimo inatoa megapaskali 0.01. Kwa hiyo hita inataka uso wa maji uwe mita 2 hadi 3 juu ya kichwa cha shawa, na hiyo ni kabla hujahesabu yanayopotea kwenye mabomba. Sasa itazame nyumba ya kawaida: tangi limekaa juu ya zege la bafu lenyewe, kimo kutoka kitako cha tangi hadi shawa ni mita moja na kidogo, bomba ni la nusu inchi lenye kona sita. Hita hiyo itawaka tangi likijaa na kukataa likifika nusu. Mwenye nyumba anasema hita ina kigeugeu, kumbe hita iko sawa na tangi ndilo linalobadilika.

Pima hivi. Chukua ndoo ya lita 10, fungua shawa upande wa moto mpaka mwisho, hesabu muda. Ikijaa ndani ya dakika nne, unapata lita 2.5 kwa dakika, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho hita ndogo nyingi hukubali. Ikipita hapo, fungua kichwa cha shawa ukiweke pembeni na ujaribu tena na bomba likiwa tupu. Hita ikiwaka sasa, umepata jibu kwa mkono: ni matundu ya shawa yaliyozibwa na chokaa. Maji yetu mengi yanatoka kwenye miamba ya matumbawe, na chokaa yake inaganda kwenye kila tundu dogo. Loweka kichwa cha shawa usiku kucha kwenye siki, au kwenye maji ya vuguvugu yaliyotiwa unga wa ndimu, vijiko vitatu vya chakula kwa lita moja, asubuhi kipige mswaki.

Kama hata bomba tupu halisaidii, funga maji na ufungue nati ya mahali maji baridi yanapoingia kwenye hita. Ndani mna kichungi kidogo cha waya. Baada ya masika, na hasa kwa anayetumia kisima, huwa kimejaa mchanga na vipande vya kutu. Kioshe, kirudishe, usikitupe ukidhani maji yatapita vizuri zaidi, maana mchanga utakwenda kukaa kwenye kiwambo.

Baada ya hapo ni kiwambo chenyewe. Dalili yake ni kwamba maji yanatoka kwa nguvu ya kutosha, betri ni mpya, na bado kimya. Kiwambo kikipasuka, hata tundu la sindano, shinikizo linalingana pande zote mbili na hakuna kinachosukumika. Au kiwambo ni kizima lakini kijiti chake kimeng'ang'aniwa na chokaa. Kutambua: toa kifuniko cha mbele, itafute swichi ndogo pembeni ya valvu ya maji, mtu afungue shawa, na utazame kama kijiti kinatoka. Kisipotoka, tatizo liko ndani ya valvu. Kikitoka, swichi ikabonyezwa na bado kimya, shuku swichi na waya zake. Hewa ya chumvi huzila sehemu za kugusana mpaka zisipitishe umeme. Kiwambo ni kipande cha bei ndogo, ila vina ukubwa na matundu tofauti, hivyo nenda dukani na kile cha zamani mkononi.

Dawa ya kudumu ya shinikizo dogo ni kunyanyua tangi. Stendi ya mita mbili zaidi inatosha kwa nyumba ya chini. Wengi hupendelea pampu ndogo ya kuongeza nguvu, nayo hufanya kazi, lakini ina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti: hita yako ilikuwa inajitegemea kwa betri mbili, sasa inaungojea umeme. Walioishi Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, pale waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka Bara ulipoharibika, hawahitaji kuelezwa thamani ya maji ya moto yasiyotegemea waya. Ukiweza kunyanyua tangi, nyanyua tangi.

Cheche inalia, moto hakuna

Maji yako sawa, swichi iko sawa, betri zina nguvu ya kutosha kutoa mlio. Sasa ndiyo zamu ya gesi.

Kama mtungi umebadilishwa jana, mpira una hewa ndani yake na majaribio mawili matatu ya mwanzo yatakuwa ya kuitoa hewa hiyo. Kama siyo, angalia mtungi umefunguliwa mpaka mwisho, mpira haukupindwa nyuma ya hita, na kilo zilizobaki. Kupima kwa kutikisa hakuna uhakika. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Uning'inize kwenye mizani ya ndoano na utoe uzito huo.

Kuna jaribio moja ambalo kila mtu hulifanya na linampotosha: kuwasha jiko linalotumia mtungi ule ule. Jiko likiwaka, mtu anasema gesi ipo. Ipo, lakini kiasi gani? Jicho la kawaida la jiko linatumia kilowati 1.5 hadi 2. Hita ya lita 6 kwa dakika inatumia karibu kilowati 12, yaani sawa na macho sita au zaidi kwa mpigo, na hiyo ni gesi karibu kilo 0.9 kwa saa. Regyuleta iliyochoka inaweza kulisha jicho moja mwaka mzima na ikashindwa na hita siku moja. Jaribio la maana ni kuwasha macho yote ya jiko mpaka mwisho kwa pamoja. Moto ukififia kadiri unavyoongeza jicho, regyuleta au mpira umebana. Na ukishaona hivyo, usilazimishe jiko na hita vitumie regyuleta moja ndogo. Soma maandishi yake: inatakiwa itoe angalau kilo 1.5 kwa saa kama vitawaka pamoja.

Shinikizo la kutoka nalo lilingane na kibati cha hita. Hita za mitungi huandikwa paskali 2800 au 3000, sawa na milibari 28 au 30, na regyuleta ya nyumbani hutoa kiasi hicho. Regyuleta ya shinikizo kubwa, ile yenye kishikio cha kuzungusha inayotumika kwenye majiko ya biashara na ya kukaangia chipsi, isifungwe kwenye hita kwa hali yoyote. Italipua mpira au itatoa mwali mrefu kuliko boksi.

Jambo jingine la kusoma kwenye kibati hicho ni aina ya gesi. Baadhi ya hita zinazouzwa hapa zimekuja kama mitumba kutoka nchi zenye gesi ya bomba, ambayo ni methani na shinikizo lake ni dogo, paskali 2000. Matundu ya nozeli zake, vile vidomo vya kutolea gesi, ni mapana. Ukiitia gesi ya mtungi, moto ama hautashika kwa kuzidiwa na gesi, ama utakuwa wa njano, mrefu, unaotoa masizi. Hita ya namna hiyo inahitaji seti nzima ya nozeli za gesi ya mtungi, kazi ya fundi wa gesi. Anayekwambia apunguze tu mfereji wa gesi usimpe kazi.

Gesi ikiwa ya kutosha, itazame cheche yenyewe chumba kikiwa na giza. Inatakiwa iwe ya buluu na irukie kwenye kichomeo, na ncha ya kijiti iwe milimita 4 hivi kutoka hapo. Cheche ni maelfu ya volti na hutafuta njia fupi. Baada ya masika, unyevu wenye chumvi hutanda juu ya kauri nyeupe inayoshika kijiti, na cheche badala ya kuruka mbele hutambaa juu ya kauri mpaka kwenye bati. Utasikia tatatata kama kawaida, lakini ukitazama gizani, cheche inaonekana nyuma, chini ya kauri. Ifute kwa kitambaa kikavu, na kama haitakati, kwa spiriti, uiache ikauke saa nzima. Kauri yenye ufa haitengenezeki; badilisha kijiti chote.

Nyigu ni mtuhumiwa halisi. Hujenga kwa udongo kwenye mirija ile ambayo gesi huchanganyika na hewa kabla ya kufika kichomeo, kwa sababu ni mitundu myembamba, mikavu, iliyojificha. Buibui nao hutanda humo. Mrija mmoja ukizibwa, safu moja ya kichomeo haiwaki; ukizibwa ule ulio karibu na kijiti cha cheche, hita nzima haiwaki. Funga mtungi, toa kifuniko, safisha mirija kwa brashi laini ndefu na pampu ya baiskeli. Tundu la nozeli usilitie sindano wala waya. Ni shaba, linapanuka kwa urahisi, na likipanuka hata kidogo hesabu ya hewa na gesi inaharibika moja kwa moja.

Ikibaki cheche ni nzuri, gesi ipo, mirija ni safi, sikiliza kama kuna "tik" moja kabla ya cheche kuanza au pamoja nayo. Hiyo ni valvu ya umeme ikifunguka. Kama haipo, na betri ni mpya, basi ama valvu imekufa ama boksi halipeleki umeme. Mwenye mita ataweka ncha zake kwenye waya za valvu wakati cheche inalia: umeme ukifika na valvu isiseme kitu, mbovu ni valvu; usipofika, ni boksi.

Inawaka, kisha inajizima

Ikizima ndani ya sekunde tano hadi kumi kila mara, mtuhumiwa wa kwanza ni kijiti cha kuhisi moto. Moto hupitisha umeme kidogo sana, sehemu chache tu za milioni za ampea, na boksi linausoma umeme huo. Utando wa masizi au wa chumvi juu ya kijiti unatosha kuuzuia. Kisugue kwa msasa laini mpaka kiwe kama chuma kipya, hakikisha ncha yake imo ndani ya mwali, siyo juu wala pembeni, na kaza skrubu inayounganisha waya wa boksi na bati la hita, maana umeme huo unarudi kwa njia ya bati. Kutu kwenye skrubu hiyo moja inaweza kuizima hita nzima. Hita za zamani zenye mwali mdogo wa kudumu hutumia kijiti cha aina nyingine kinachozalisha milivolti 20 hadi 30 kikipata moto; hizo unabonyeza kitufe na kukishikilia nusu dakika kabla ya kuachia, na zikizima ukiachia, kijiti hicho ndicho cha kubadilisha.

Ikizima katikati ya kukoga, maswali ni mengine. Nani amefungua mfereji jikoni? Kwenye tangi la chini, mfereji mmoja ukifunguka unaiba shinikizo na kiwambo kinarudi nyuma. Imewaka muda gani? Hita nyingi zina saa ndani inayozima moto baada ya dakika 20. Funga maji, fungua tena. Maji yalikuwa yanaunguza kabla ya kuzima? Basi maji yalikuwa machache mno kwa moto mkubwa na kinga ya joto imefanya kazi yake. Hapa watu hufanya kinyume: hupunguza maji ili yawe moto zaidi. Kwa hali yetu, maji yakiwa na nyuzi 25 au 26 tangini, unahitaji kuongeza nyuzi 13 au 14 tu kufika kwenye maji mazuri ya kukogea. Teremsha kitufe cha moto, acha maji yatiririke kwa wingi. Gesi nayo itadumu. Kwa kipimo kamili cha kilowati 12, koga la dakika kumi linakula gramu 150 hivi. Kwa nusu ya moto, nusu yake.

Na hapa ndipo baridi, ile iliyolaumiwa mwanzo bila kosa, inapoingia kwa mlango mwingine. Gesi inapochemka kuwa mvuke inachukua joto kutoka mtungini. Mtungi wa kilo 6 unaokaribia kwisha, watu wanne wakikoga mfululizo, unapoa haraka kuliko hewa inavyoweza kuupasha; ubavuni unatoka jasho la umande, moto unakuwa mfupi, hita inazima. Tena kinachobaki mwishoni mwa mtungi ni butani zaidi, kwa kuwa propani hutangulia kutoka. Mtungi ukipumzika nusu saa, hita inawaka tena na mtu anabaki kushangaa. Dawa ni mtungi mkubwa, kilo 15 kwa nyumba, na wa kilo 38 kwa nyumba ya wageni yenye hita zaidi ya moja.

Upande wa mashariki wa Unguja kuna upepo wa kusi unaopiga ukutani moja kwa moja. Hita iliyofungwa nje ikiuelekea huzimwa moto na upepo unaoingia kupitia dohani. Ihamishie ukuta wa pili, au uiwekee kizuizi cha bati kilicho mbali na mdomo wa dohani kwa sentimita 30 au zaidi. Usiifunike.

Rangi ya moto

Moto mzuri ni wa buluu, mfupi, uliosimama. Karibu na bahari utaona vimulimuli vya rangi ya machungwa vikicheza kwenye ncha: hiyo ni chumvi ya hewani ikimulika motoni, na haina madhara ikiwa mwili wa moto ni wa buluu. Moto wa njano uliolegea, unaoramba juu na kuacha masizi meusi kwenye koili ya shaba, ni jambo jingine kabisa. Huo umekosa hewa, na unatengeneza kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoleta kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi, kisha kifo.

Kilo moja ya gesi ya mtungi inahitaji hewa mita za ujazo 12 hivi ili iungue kikamilifu. Bafu la nyumba za Mji Mkongwe, na mengi ya mitaa ya Ng'ambo, ni la mita mbili kwa moja na nusu, na hewa yake yote haifiki mita za ujazo 8, dirisha ni dogo na limefungwa kwa ajili ya baridi. Hita ikiwa ndani ya bafu hilo, watu wawili wakikoga kwa kufuatana tayari hewa imeanza kuharibika. Hita isiyo na dohani ya kutoa moshi nje isifungwe ndani ya bafu wala chumba cha kulala, hata kama ndiyo sehemu pekee yenye bomba karibu. Iwekwe nje, ukuta wa uani, chini ya kibanda, na bomba la maji ya moto ndilo liingie ndani. Mita chache za bomba zinapoteza joto dogo sana kwa hali ya hewa yetu.

Kuwaka kwa kishindo hakutofautiani sana na hayo kwa uzito. Gesi imetoka, cheche imechelewa, gesi ikajikusanya, ikawaka yote kwa mara moja. Sababu ni zile zile: betri dhaifu, kijiti kichafu au kilicho mbali, mrija uliozibwa. Hita inayopiga kishindo isitumike mpaka itengenezwe, hata kama baadaye maji yanatoka ya moto.

Kabla nyumba haijafungwa

Machi ikifika na nyumba inafungwa, toa betri. Funga mtungi. Funga maji na ufungue skrubu ya chini ya hita ili maji yote yatoke, maana yaliyosimama miezi mitatu ndiyo yanayogandisha chokaa kwenye kijiti cha kiwambo. Ziba mdomo wa dohani na nafasi za chini kwa kitambaa cha wavu mwembamba dhidi ya nyigu na mijusi, na ubandike karatasi mbele ya hita inayosema wavu upo, ili asije mtu akaiwasha ukiwa bado umeziba.

Juni, kabla ya betri kurudi, itazame mipira. Uliopasuka pasuka ukiukunja, uliogumu, au unaonata mkononi, ubadilishwe. Tarehe ya kutengenezwa huwa imechapwa juu yake. Paka povu zito la sabuni kwenye regyuleta, kwenye kila kibano na pale mpira unapoingia kwenye hita, mtungi ukiwa wazi. Kibiriti kisitumike kutafutia uvujaji. Povu likitoa mapovu yanayokua, funga mtungi, kaza au badilisha, upake povu tena sehemu hiyo hiyo mpaka litulie.